Namna ya Kuandika Uchambuzi wa Kihafidhina Kuhusu Siasa na Burudani za Marekani

Makala nyingi za maoni zinazojiita za kihafidhina humwacha msomaji akijua vizuri kile ambacho mwandishi anakichukia, lakini asijue hata kidogo kile anachotaka kihifadhiwe. Kasoro hiyo si ndogo, kwa sababu neno lenyewe limetokana na kuhifadhi, na mtu asiyeweza kuitaja amana anayoilinda ni sawa na mlinzi anayepiga kelele usiku kucha bila kujua ghala liko wapi. Kwa hiyo, kabla ya kuandika lolote kuhusu uamuzi wa mahakama, filamu mpya au ugomvi wa wiki hii huko Marekani, chukua karatasi uandike sentensi moja inayosema unataka kitu gani kibaki, na kwa sababu gani kubaki kwake ni bora kuliko kuondoka kwake. Sentensi hiyo huenda isichapishwe popote, ila ndiyo itakayokuongoza katika kuchagua mifano, na ndiyo itakayokushika mkono pale hasira itakapotaka kukuvuta pembeni.

Tuchukue mfano wa Florida. Machi 2022 Gavana Ron DeSantis alitia saini sheria ya haki za wazazi katika elimu, iliyokataza mafundisho ya darasani kuhusu mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia kuanzia chekechea hadi darasa la tatu. Kampuni ya Disney iliipinga sheria hiyo hadharani, na serikali ya jimbo ikajibu kwa kuinyang'anya udhibiti wa wilaya maalumu iliyoanzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya kuendeshea shughuli zake. Mwandishi aliyeanza na hasira aliandika kuhusu Disney tu. Aliyeanza na sentensi yake aliandika kuhusu mamlaka ya mzazi juu ya malezi ya mtoto mdogo, akaeleza kwa nini mamlaka hayo hayapaswi kuhamia kwa mwalimu wala kwa kampuni ya burudani, na alipofika kwenye ile adhabu akalazimika kujiuliza kama kweli inailinda amana yake au inashibisha tu hamu ya kulipiza kisasi. Wahafidhina wenyewe waligawanyika katika swali hilo, na makala iliyolikwepa ilikuwa imekwepa sehemu yenye uzito kuliko zote.

Edmund Burke, mbunge wa Uingereza aliyeandika mwaka 1790 dhidi ya Mapinduzi ya Ufaransa na ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa fikra hizi, hakusema kwamba kila badiliko ni baya. Alishikilia kwamba dola isiyo na njia ya kubadilika haina pia njia ya kujihifadhi. Kiswahili kilikwisha kulisema jambo la jirani na hilo kwa maneno machache zaidi: usiache mbachao kwa msala upitao. Mwandishi Mwingereza, G. K. Chesterton, alitoa mfano wa ua uliojengwa kukatiza barabara, akasema kwamba anayetaka kuubomoa kwa kuwa haoni faida yake aambiwe akatafute kwanza kwa nini ulijengwa, ndipo arudi kuomba ruhusa. Mfano huo ni chombo cha kazi kwa mwandishi. Kila unapotetea desturi, sheria au taasisi, tafuta ilianza lini, ilianzishwa na nani, na ilikuwa inazuia nini.

Mara nyingine utagundua kwamba ua ulijengwa kwa sababu mbaya, na hapo lazima useme hivyo. Sheria za ubaguzi wa rangi kusini mwa Marekani nazo zilikuwa desturi, na jarida la kihafidhina la National Review, ambalo William F. Buckley alilianzisha mwaka 1955, lilichapisha mwaka 1957 tahariri iliyoutetea upande wa Wazungu wa kusini. Buckley alikuja kukiri mwaka 2004 kwamba alikosea alipodhani hali ile ingejirekebisha taratibu bila serikali ya shirikisho kuingilia kati. Mwandishi anayetaka kuaminiwa anapotetea mila asikisubiri kisa hiki akitajiwe na mpinzani wake.

Jua uko katika kambi ipi

Muungano uliomchagua Ronald Reagan mwaka 1980 ulikuwa na makundi makubwa matatu: wapenda soko huru na kodi ndogo, watetezi wa dini na familia, na wale waliotaka Marekani isimame imara dhidi ya Ukomunisti wa Kisovieti. Sovieti ilipovunjika mwaka 1991 gundi moja ilitoweka, na tangu hapo makundi hayo yamekuwa yakivutana ndani ya nyumba moja, huku kundi la wazalendo wa kiuchumi likiunga mkono ushuru wa forodha ambao watu wa soko huru waliuona kwa muda mrefu kuwa kodi anayobebeshwa mlaji. Ukiandika kwamba "wahafidhina wanataka" jambo fulani kuhusu biashara, vita vya nje au udhibiti wa kampuni za teknolojia, kuna uwezekano mkubwa kwamba nusu yao hawalitaki. Andika "mimi naona", kisha useme unasimama na kundi gani.

Historia yao imejaa mambo yasiyotoshea katika mchoro rahisi, na mambo hayo yana faida kubwa kwa mwandishi mwangalifu. Reagan huyohuyo, akiwa gavana wa California, alitia saini mwaka 1969 sheria iliyoruhusu talaka bila kuthibitisha kosa la mwenzi, na sheria hiyo ikafuatwa na majimbo mengine. Jaji Neil Gorsuch wa Mahakama ya Juu, aliyeteuliwa na Donald Trump, ndiye aliyeandika uamuzi wa mwaka 2020 uliosema kwamba kumfukuza mtu kazi kwa sababu ni mpenzi wa jinsia moja au amebadili jinsia ni ubaguzi uliokatazwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Alifika huko kwa kushikilia maneno ya sheria kama yalivyoandikwa, njia ya kutafsiri sheria ambayo wahafidhina waliipigania kwa miaka mingi. Unaweza kuona kwamba alikosea. Huwezi kuandika kana kwamba aliruka kutoka kambi moja kwenda nyingine.

Hata kile kinachoitwa vita vya utamaduni hakina mipaka ya vyama kama inavyodhaniwa. Neno hilo lilienea baada ya mwanasosholojia James Davison Hunter kulitumia mwaka 1991 na Pat Buchanan kulipeleka jukwaani katika mkutano mkuu wa Chama cha Republican mjini Houston, Agosti 1992. Lakini miaka saba kabla ya hotuba ile, kampeni kali kuliko zote dhidi ya maneno machafu katika muziki iliongozwa na kina mama wa Washington akiwemo Tipper Gore, mke wa seneta wa Chama cha Democratic, na ndiyo iliyoleta vibandiko vya onyo kwa wazazi kwenye albamu.

Soma chanzo chenyewe

Chukulia kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani imetoa uamuzi asubuhi, na kufikia saa sita mitandao imejaa watu wanaoshangilia na wanaolaani. Uamuzi wenyewe huchapishwa siku hiyohiyo ukiwa na muhtasari mwanzoni, na kusoma muhtasari huo pamoja na hoja kuu za majaji waliopinga hakuchukui zaidi ya saa mbili. Ukiacha kufanya hivyo utaandika kuhusu kichwa cha habari.

Uamuzi wa tarehe 24 Juni 2022 uliobatilisha ule wa 1973 kuhusu utoaji mimba ni mfano mzuri. Haukupiga marufuku utoaji mimba. Uliliondoa suala hilo katika ulinzi wa katiba na kulirudisha kwa wapiga kura na mabunge, ndiyo maana majimbo mengine yalikataza na mengine yakaongeza ulinzi. Kansas, jimbo ambalo halijampigia kura mgombea urais wa Democratic tangu 1964, lilikataa Agosti 2022, kwa kura ya wananchi, pendekezo la kuondoa haki ya kutoa mimba katika katiba yake. Mwandishi wa kihafidhina aliyeusherehekea uamuzi kwa hoja kwamba wananchi ndio waamue alitakiwa aandike pia kuhusu Kansas, kwa sababu pale wananchi waliamua.

Uamuzi wa tarehe 27 Juni 2025 kuhusu shule za Kaunti ya Montgomery, Maryland, nao ulielezwa vibaya na pande zote mbili. Wazazi Waislamu na Wakristo walidai kujulishwa na kuruhusiwa kuwatoa watoto wao darasani wakati vitabu vya hadithi vyenye wahusika wapenzi wa jinsia moja vinaposomwa, na majaji 6 kwa 3 waliwapa wazazi hao zuio la muda. Vitabu havikuondolewa shuleni, wala mahakama haikusema viondolewe. Ukisoma hoja za Jaji Sonia Sotomayor, aliyepinga, utakuta kwamba mojawapo ya hofu zake ni namna walimu watakavyoweza kuendesha madarasa ikiwa kila mzazi ataweza kumtoa mtoto wake. Hofu hiyo inastahili kujibiwa, na kuijibu ndiko kutakakoifanya makala yako isomwe na mtu asiyekubaliana nawe.

Vipande vya video vinahitaji tahadhari kuliko hukumu za mahakama. Julai 2010 mchapishaji wa kihafidhina Andrew Breitbart alisambaza kipande kifupi cha hotuba ya Shirley Sherrod, ofisa mweusi wa Wizara ya Kilimo, kilichomwonyesha kama aliyekuwa akijivunia kumbagua mkulima Mzungu. Sherrod alilazimishwa kuacha kazi, kisha hotuba nzima ikaonekana, na kumbe alikuwa akisimulia jinsi alivyoishinda chuki hiyo moyoni mwake na kumsaidia mkulima yule. Serikali ikamwomba radhi. Januari 2019 mambo yaligeuka upande wa pili: wanafunzi wa shule ya Kikatoliki ya Kentucky walihukumiwa na vyombo vikubwa vya habari kwa kipande kimoja kilichopigwa Washington, video ndefu ikaonyesha picha tofauti, na CNN na Washington Post zikaishia kumalizana nje ya mahakama na mwanafunzi aliyezishtaki. Wahafidhina hukikumbuka kisa cha pili na kukisahau cha kwanza. Kanuni yangu ni kwamba sitaji kipande cha video ambacho sijaona dakika zinazokitangulia na zinazokifuata, na kanuni hiyo imenikosesha mada nyingi motomoto ambazo baadaye nilishukuru kuzikosa.

Ambaye bado anaona uhakiki ni anasa akumbuke kwamba Aprili 2023 kituo cha Fox News kilikubali kulipa dola milioni 787.5 ili kumaliza kesi ya kashfa iliyofunguliwa na kampuni ya mashine za kupigia kura ya Dominion, kwa sababu ya madai ya uongo kuhusu uchaguzi wa 2020.

Uandishi kuhusu burudani

Hapa ndipo waandishi wengi wa upande huu wanapoteleza, na wanateleza kwa sababu wamejifunza kuitazama burudani kama ripoti ya polisi. Andrew Breitbart huyohuyo alikuwa na msemo kwamba siasa iko chini ya mkondo wa utamaduni, akimaanisha kwamba kinachoimbwa na kuigizwa leo ndicho kitakachopigiwa kura kesho. Huenda alikuwa sahihi. Lakini anayekwenda chanzoni mwa mto akiwa na daftari la kuandikia makosa peke yake hatatuambia lolote kuhusu maji yenyewe.

Sharti la kwanza ni kuitazama kazi nzima kabla ya kuiandikia. Mei 1992 Makamu wa Rais Dan Quayle alitoa hotuba kuhusu umaskini na kuvunjika kwa familia, na ndani yake akamlaumu mhusika wa tamthilia ya televisheni, mwanahabari Murphy Brown, kwa kuzaa mtoto bila mume. Hotuba ilikuwa ndefu na yenye hoja ambazo baadaye hata baadhi ya wapinzani wake walikiri kuwa na uzito. Sentensi ile moja ikaimeza yote. Mhusika wa kubuni hawezi kuchukuliwa kama shahidi wa takwimu, na msomaji huhisi mara moja kwamba mwandishi ametumia mchezo kama fimbo.

Sharti la pili ni kutenganisha vitu vitatu ambavyo mabishano huvichanganya: kazi ya sanaa yenyewe, matangazo yake, na mwenendo wa kampuni iliyoitoa. Filamu inaweza kuwa na kisa cha kihafidhina kabisa, cha baba anayeilinda familia au askari anayetimiza wajibu, ilhali waigizaji wake wanatoa kauli za mrengo wa kushoto katika mahojiano. Ukikasirishwa na mahojiano, andika kuhusu mahojiano.

Sharti la tatu linahusu fedha, na hapa naomba nikae kidogo. Kuna imani iliyoenea kwamba kampuni ikifuata siasa za mrengo wa kushoto lazima ifilisike, na kila filamu inapoanguka waandishi hukimbilia kuandika kwamba wananchi wametoa hukumu. Toleo jipya la filamu ya Snow White la mwaka 2025 lilipata takriban dola milioni 205 duniani kote, chini ya gharama yake iliyoripotiwa kupita dola milioni 240, na makala za aina hiyo zikamiminika. Lakini Julai 2023 mchambuzi wa kihafidhina Ben Shapiro alichoma moto wanasesere katika video ya zaidi ya dakika 40 iliyoishutumu filamu ya Barbie, na filamu hiyo ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.4 na kuongoza mapato ya mwaka mzima. Ikiwa anguko la ile ya kwanza ni hukumu ya wananchi dhidi ya siasa za kushoto, ushindi wa hii ya pili ni hukumu ya nini? Anayetumia mapato kama hoja pale tu yanapompendeza hana hoja. Mapato yanaonyesha kwamba watu walinunua tiketi, na hununua kwa sababu mia moja.

Takwimu za mauzo zina matumizi halali, nayo ni kuonyesha kwamba kuna hadhira iliyopuuzwa. Mwaka 2004 filamu ya Mel Gibson kuhusu mateso ya Yesu, aliyoigharamia kwa fedha zake mwenyewe kwa takriban dola milioni 30, iliingiza zaidi ya dola milioni 370 katika soko la Amerika Kaskazini pekee. Mwaka 2023 Sound of Freedom, iliyotengenezwa kwa chini ya dola milioni 15 na kusambazwa na kampuni ndogo, ilipata zaidi ya dola milioni 180 katika soko hilohilo. Hoja inayotoka hapa ni ya wazi na inathibitika: watazamaji wa dini wako wengi, wana fedha, na studio kubwa hazijui kuwatengenezea kazi. Hoja kwamba filamu hizo ni nzuri ni nyingine kabisa, na inahitaji ushahidi wake kutoka kwenye uigizaji, mwendo wa kisa, picha na sauti. Filamu mbovu inayokubaliana nawe ibaki kuwa mbovu katika makala yako. Kuisifu kwa sababu ya msimamo wake ni kufanya lilelile ambalo unawalaumu wahakiki wa upande wa pili kwa kulifanya.

Susio, yaani wateja kugomea bidhaa za kampuni, nalo lina mantiki yake, na mwandishi akiielewa ataacha kutabiri ovyo. Aprili 2023 bia ya Bud Light ilijikuta katika susio baada ya kumtumia Dylan Mulvaney, mtu maarufu mitandaoni aliyebadili jinsia, katika tangazo. Ndani ya miezi michache bia ya Modelo Especial ikaipita kwa mauzo ya rejareja nchini Marekani, nafasi ambayo Bud Light ilikuwa imeishikilia kwa zaidi ya miaka ishirini. Susio lilifaulu kwa sababu mnywaji alihitaji tu kunyoosha mkono kwenye rafu ya jirani, akapata kitu chenye bei na ladha zinazokaribiana, na wenzake wakaona alichokishika. Linganisha na Muungano wa Wabaptisti wa Kusini, ambao uliisusia Disney kuanzia 1997 hadi 2005, miaka minane, bila kuitikisa sana kampuni hiyo. Kwa mzazi mwenye watoto watatu, katuni za Disney hazikuwa na rafu ya jirani. Kabla ya kuandika kwamba susio jipya litaiangusha kampuni fulani, uliza kama mteja ana mahali pengine pa kwenda.

Jihadhari pia na kumteka msanii. Agosti 2023 Oliver Anthony, mwimbaji asiyejulikana kutoka Virginia, aliingia moja kwa moja katika nafasi ya kwanza ya orodha ya Billboard kwa wimbo wa kulalamikia matajiri wa kaskazini mwa Richmond, yaani wakubwa wa Washington, na wachambuzi wa kihafidhina wakamkumbatia kama wao. Wimbo ukachezwa katika mdahalo wa kwanza wa wagombea urais wa Republican, na mwimbaji akajitokeza kusema kwamba aliuandika kuhusu watu wa aina ya wale waliokuwa jukwaani. Waliosoma mashairi yake polepole hawakushangaa. Halikadhalika, Bad Bunny, mwanamuziki anayeimba kwa Kihispania, alipotangazwa Septemba 2025 kuwa mtumbuizaji wa mapumziko ya Super Bowl, fainali ya ligi ya kandanda ya Kimarekani, baadhi ya wachambuzi walimwita mgeni, ilhali ni mzaliwa wa Puerto Rico, ambako watu wake wamekuwa raia wa Marekani tangu 1917. Palikuwa na hoja ya kutetea kuhusu lugha na umoja wa taifa, ikapotea kwa kosa ambalo mtoto wa shule angeweza kulisahihisha.

Mkuki kwa nguruwe

Jaribio la uaminifu ni rahisi: andika aya yako, kisha ubadilishe majina ya vyama na watu, uone kama bado unaikubali. Tarehe 10 Septemba 2025 Charlie Kirk, mwanzilishi wa Turning Point USA, shirika la vijana wa kihafidhina, aliuawa kwa risasi akiwa katika chuo kikuu huko Utah. Siku chache baadaye mtangazaji wa vichekesho Jimmy Kimmel alisema maneno kuhusu mauaji hayo yaliyowaudhi wengi, na mwenyekiti wa Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, Brendan Carr, akatoa kauli zilizoeleweka kuwa vitisho dhidi ya vituo vya televisheni. Kituo cha ABC kilikisimamisha kipindi cha Kimmel tarehe 17 Septemba na kukirudisha tarehe 23. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo wahafidhina walikuwa wamelalamika, kwa haki, kwamba maofisa wa serikali waliibana mitandao ya kijamii ili iondoe maoni yasiyowapendeza. Seneta Ted Cruz, ambaye si rafiki wa Kimmel hata kidogo, alimkosoa Carr na kufananisha kauli yake na lugha ya mafia, akaonya kwamba mamlaka hayo siku moja yatatumiwa na upande wa pili. Unaweza kuandika kwamba maneno ya Kimmel yalikuwa mabaya na kwamba mwajiri ana uhuru wa kumsimamisha mtumishi wake. Mambo hayo mawili yanasimama vizuri pamoja na la tatu, kwamba ofisa wa serikali hana kazi hapo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na msomaji anayejua hivyo atakuwa anakuchungulia aone kama utaruka aya hiyo.

Uchaguzi wa maneno

Neno "woke" lilianza katika Kiingereza cha Wamarekani weusi likiwa na maana ya kuwa macho mbele ya dhuluma, na leo linabandikwa juu ya kila kitu kuanzia rangi ya katuni hadi sera ya benki. Lifute kila linapojitokeza katika rasimu, uweke mahali pake kitu halisi unachokipinga: mgawo wa nafasi kwa misingi ya rangi, somo fulani katika darasa fulani, kanuni fulani ya kampuni. Usipoweza kukitaja kitu hicho, hujui unapinga nini.

Kwa anayeandika kwa Kiswahili kuna mtego mwingine ambao waandishi wa Kiingereza hawaujui. Ugomvi mkubwa wa Marekani kuhusu wanamichezo waliobadili jinsia umesimama juu ya tofauti kati ya mwili wa mtu na namna anavyojitambua, na amri ya Rais Trump ya tarehe 20 Januari 2025 iliyotambua jinsia mbili tu inahusu hasa tofauti hiyo. Kiswahili cha kawaida hutumia "jinsia" kwa maana zote mbili, kwa hiyo sentensi inaweza kugeuka kuwa isiyo na maana, au ikaegemea upande bila mwandishi kukusudia. Andika "jinsia ya kuzaliwa" na "utambulisho wa kijinsia" kwa ukamilifu wake, hata kama sentensi itarefuka. Vivyo hivyo, "mliberali" wa Marekani ni mtu wa mrengo wa kushoto, lakini katika nchi nyingi za Ulaya ni mtetezi wa soko huru. Eleza unakusudia yupi. "Mahakama ya Juu" ni salama kuliko "Mahakama Kuu", ambayo kwa wasomaji wengi ni ngazi iliyo chini ya rufaa.

Elekeza hoja kwenye kanuni. Tarehe 5 Februari 2025 Trump alitia saini amri kuhusu michezo ya wanawake, na siku iliyofuata shirikisho la michezo ya vyuo, NCAA, likabadili kanuni zake. Hoja ya kihafidhina hapa inaweza kujengwa kikamilifu juu ya madhumuni ya sheria ya 1972 iliyowafungulia wasichana milango ya michezo ya shule, juu ya usalama na usawa wa mashindano, bila kumtaja mwanariadha mmoja kwa kejeli.

Kabla na baada ya kuchapisha

Andika hoja ya mpinzani katika aya moja kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeitia saini, uiweke katika theluthi ya kwanza ya makala, na usimlishe maneno. Buckley aliendesha kipindi chake cha mdahalo wa televisheni kuanzia 1966 hadi 1999 kwa kuwaalika hasa wale asiokubaliana nao, na sehemu kubwa ya heshima aliyoipata ilitokana na hilo. Kisha pima mahali hadhira ilipo: kampuni ya kura za maoni ya Gallup ilikuta mwaka 1996 kwamba asilimia 27 ya Wamarekani waliunga mkono kutambuliwa kisheria kwa ndoa za jinsia moja, na mwaka 2023 walikuwa asilimia 71. Mwandishi anayeipinga ndoa hiyo ana haki ya kuipinga, ila akiandika kana kwamba umma wote uko nyuma yake atakuwa anaandikia nchi isiyokuwepo tena.

Ilaze makala usiku mmoja. Asubuhi kagua kila tarehe, idadi ya kura za majaji, cheo na tahajia ya jina dhidi ya chanzo cha kwanza, wala si dhidi ya makala ya mchambuzi mwenzako. Ukigundua kosa baada ya kuchapisha, liweke sahihisho juu kabisa ya makala, useme awali iliandikwa nini na sasa inasema nini, na usibadilishe neno kimyakimya. Sahihisho likiangusha hoja nzima, iondoe makala, acha mahali pake tangazo fupi linaloeleza sababu, na umwandikie mhariri wako kabla yeye hajakuandikia.